Safari ya Kosa: Muundo wa Timu na Ubora wa Programu katika Taasisi Kubwa, kwa Mtazamo wa Ruaruke, Delta ya Rufiji

1.0 Sifuri na nafasi tupu

Mwishoni mwa kila mwezi mhudumu wa zahanati katika kata kama Ruaruke, Wilaya ya Kibiti, hufungua vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA), huhesabu vistari alivyochora kwenye fomu za kujumlishia, kisha hujaza taarifa ya mwezi. Pale ambapo hakuna mtoto aliyefariki kwa malaria, anatakiwa kuandika 0. Sifuri hiyo ni kauli kamili. Inasema kwamba mhudumu aliangalia, akahesabu, na hakukuta kifo. Nafasi iliyoachwa tupu husema jambo jingine: huenda hakuhesabu, huenda kitabu kilikuwa kimejaa, huenda alisahau.

Karatasi hiyo husafiri hadi ofisi ya wilaya, na kwa kata zilizo ndani ya delta, kama Msala au Maparoni, sehemu ya safari huwa ya mashua inayosubiri maji kujaa. Wilayani takwimu huingizwa katika programu ya DHIS2. Humo, kwa mpangilio wa awali wa programu, thamani ya sifuri haihifadhiwi katika hifadhidata, isipokuwa aliyesanidi mfumo awe ameagiza kwamba sifuri ya kipengele hicho ihifadhiwe. Mhudumu aliyeandika 0 na mhudumu aliyeacha nafasi tupu wanaweza basi kuonekana sawa kwenye jedwali la mchambuzi aliye Dodoma. Alama ya kukamilika kwa taarifa huokoa sehemu ya maana iliyopotea, kwa kuwa huonyesha kwamba fomu ilifika. Haionyeshi, hata hivyo, kwamba kisanduku fulani kilijazwa.

Uamuzi huo haukuwa uzembe. Taarifa za afya zina sifuri nyingi kuliko namba nyingine yoyote, na kuzihifadhi zote hupanua hifadhidata na kupunguza kasi ya ripoti. Kwa timu inayolinda kasi ya programu, kuziacha ni uhandisi mzuri. Kwa ofisa wa wilaya anayetaka kujua ni zahanati gani haikupata kifo na ni ipi haikuhesabu, ni upotevu wa maana. Pande zote mbili zina haki, na kinachopaswa kuchunguzwa ni kama kuna njia ambayo hoja ya upande wa pili inaweza kuufikia upande wa kwanza na jibu likarudi.

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya muundo wa timu na ubora wa programu katika taasisi kubwa. Hoja yake ni kwamba ubora huo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na urefu wa njia ambayo kosa hupitia kutoka kwa anayeliona hadi kwa anayeweza kubadilisha msimbo. Mbinu za kazi zinazosifiwa katika kampuni kubwa duniani zina thamani kwa kadiri zinavyoifupisha njia hiyo. Zikishindwa kuifupisha, hubaki kuwa mikutano.

2.0 Msingi wa kinadharia

Mwaka 1968 ni mwaka wenye uzito katika taaluma hii. Mkutano ulioandaliwa na NATO huko Garmisch, Ujerumani, ulilitangaza neno uhandisi wa programu kwa sababu miradi mikubwa ilikuwa ikichelewa na kuvuka bajeti. Mwaka huohuo Melvin Conway alichapisha makala iliyodai kwamba taasisi yoyote inayobuni mfumo hutoa mfumo wenye umbo linalofanana na njia zake za mawasiliano. Idara mbili zisizozungumza zitatoa moduli mbili zisizozungumza. Miaka saba baadaye Frederick Brooks, aliyekuwa ameongoza uundaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza kwa nini kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi: njia za mawasiliano huongezeka kwa kasi kuliko idadi ya watu. Timu ya watu 5 ina jozi 10 za watu wanaoweza kuhitaji kuelewana. Timu ya watu 50 ina jozi 1,225.

Tamko la mwaka 2001 lililotiwa saini na waandaaji programu 17 huko Utah, Marekani, linalotetea uundaji wepesi wa programu, lilijibu tatizo hilo kwa kusisitiza timu ndogo, matoleo ya mara kwa mara, na mazungumzo ya moja kwa moja na mteja. Ndipo yalipoenea mazoea ambayo leo hutajwa katika kila semina: kusomeana msimbo kabla haujaunganishwa, majaribio yanayojiendesha, kikao kifupi cha kila siku, kikao cha kutathmini awamu iliyopita.

Mazoea hayo yalizaliwa katika timu ambazo mteja wao alikuwa mlango wa pili. Taasisi kubwa haina mlango wa pili. Ina ngazi. Tatizo hili halijapewa uzito unaostahili katika maandiko ya kampuni kubwa, ambamo mtumiaji mara nyingi huwakilishwa na mfanyakazi mwingine wa kampuni ileile.

3.0 Ngazi tatu za DHIS2

DHIS2 inafaa kuchunguzwa kwa sababu ngazi zake ziko wazi. Chimbuko lake ni mpango wa HISP ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikiunganisha huduma za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Toleo la kwanza lilijengwa pamoja na watumishi wa afya wa maeneo ya Cape Town. Toleo la pili, lililoandikwa kwa lugha ya Java na kutolewa kwa leseni huria, liliundwa Chuo Kikuu cha Oslo kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Kenya iliieneza kitaifa mwaka 2011, na Tanzania Bara ilikamilisha uenezaji katika wilaya zake mwaka 2013.

Ngazi ya kwanza ni timu ya kiini iliyoko Oslo, ambayo huandika msimbo unaotumiwa na makumi ya nchi. Ngazi ya pili ni timu za kitaifa: kwa Tanzania, Wizara ya Afya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Timu hii husanidi fomu na viashiria, na huandika programu tumizi za ziada juu ya kiini. Kadi za alama zinazomwonyesha mganga mkuu wa wilaya hali ya viashiria vyake kwa rangi ni mfano mmoja. Ngazi ya tatu ni wilaya na vituo.

Kosa linaloonekana Kibiti linaweza kuwa la aina tatu, na aliye Kibiti hana namna ya kujua ni ya aina ipi. Likiwa la kujaza, dawa yake ni kurudi zahanati. Likiwa la usanidi, dawa iko Dar es Salaam au Dodoma. Likiwa la kiini, dawa iko Oslo, na italetwa na toleo jipya ambalo nchi nayo italichukua itakapokuwa tayari. Suala la sifuri lililoelezwa mwanzoni liko katikati: kiini kimetoa uwezo wa kuchagua, na kuchagua ni kazi ya ngazi ya pili. Haliwezi kutatuliwa na mtu anayeliona tatizo, na anayeweza kulitatua halioni.

Braa, Monteiro na Sahay (2004) walidai kwamba mifumo ya namna hii haiwezi kudumu ikiwa kila eneo litajifunza peke yake, na kwamba panahitajika mtandao wa maeneo yanayobadilishana uzoefu, watu na msimbo. Dai hilo limethibitika kwa sehemu kubwa: kilichojengwa nchi moja huingia katika kiini na kunufaisha nyingine. Mtandao huo, hata hivyo, umeunganisha wizara na vyuo vikuu kwa nguvu kuliko unavyounganisha zahanati. Ubadilishanaji kati ya Dar es Salaam na Oslo una warsha, akademia na orodha ya wazi ya hitilafu. Ubadilishanaji kati ya Ruaruke na Kibiti una karatasi, simu ya mkononi ya mhudumu, na usimamizi shirikishi wa robo mwaka pale mafuta ya gari yanapopatikana.

4.0 Rufiji kabla ya DHIS2

Eneo hilohilo limewahi kuwa na njia fupi zaidi. Kati ya mwaka 1997 na 2004 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na kituo cha utafiti cha Kanada (IDRC), iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Kibiti ya leo ilikuwa sehemu ya Rufiji. Mradi uliwapa wajumbe wa timu za afya za wilaya zana chache za kompyuta zilizogeuza takwimu kuwa michoro: moja ilionyesha mzigo wa magonjwa, nyingine ilionyesha fedha zinakokwenda. Morogoro iligundua kwamba malaria, iliyochukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya mwaka 1996. Mgao ukabadilishwa. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka iliyofuata, ingawa si haki kuipa zana za kompyuta sifa yote: fedha kidogo za nyongeza, mafunzo ya matibabu ya watoto na vyandarua vilifanya kazi yake.

Takwimu za Rufiji zilitokana na mfumo wa ufuatiliaji wa kaya ulioanza mwaka 1998, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Wadadisi walizitembelea kaya kila baada ya miezi minne wakiandika uzazi, vifo na uhamaji. Programu iliyotumika, iliyojulikana kwa kifupi HRS, ilikuwa imeundwa Navrongo, Ghana, katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Population Council na Chuo Kikuu cha Southern Maine.

Ubunifu wake unastahili kusomwa upya na kila mhandisi wa kampuni kubwa. Phillips, MacLeod na Pence (2000) waligundua kwamba vituo vyote vya aina hiyo vina mantiki moja isiyobadilika: mwanamke hawezi kujifungua baada ya tarehe ya kifo chake, na mtu hawezi kuhama kaya ambayo hakuwahi kuwamo. Mantiki hiyo ikawekwa katika kiini kimoja, na kila kituo kikaachiwa kuongeza maswali yake bila kugusa kiini. Rekodi iliyovunja mantiki ilikataliwa palepale, ikarudi kwa msimamizi, na kutoka kwake kwa mdadisi aliyeijua nyumba. Mdadisi huyo alibeba daftari la kaya na alijua kwamba baada ya miezi minne atabisha hodi mlango uleule. Kosa lilikuwa na anwani, na lilikuwa na tarehe ya kurudi.

Mfumo huo ulikuwa ghali na ulihudumia sehemu tu ya wilaya, kwa hiyo haukuweza kuwa kielelezo cha nchi nzima. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka kwake ni umbo la mzunguko wake. Mzunguko wa miezi minne si wa haraka kwa kipimo cha kampuni za programu zinazotoa matoleo kila wiki, lakini ulikuwa mzunguko uliofungika. Toleo la kila wiki lisilomrudia aliyelalamika ni mstari tu.

5.0 Kampuni kubwa na majaribio ya Thika

Inaweza kudaiwa kwamba sekta ya umma ina matatizo yake na kwamba kampuni binafsi huyashinda kwa nguvu ya soko. Kisa cha M-Pesa hakiungi mkono dai hilo moja kwa moja. Vodafone ilipoanza majaribio nchini Kenya mwezi Oktoba 2005, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, kusudi lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Timu ilikuwa ndogo na iliwafuata wateja wake wachache hadi Thika na Nairobi. Kwa mujibu wa Hughes na Lonie (2007), walioongoza kazi hiyo, wateja walianza kutumia huduma kwa namna ambayo haikupangwa, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya tabia hiyo, na mkopo ukawekwa kando.

Huo ni mfano safi wa njia fupi. Kinachosahaulika ni sura iliyofuata. Vodacom ilizindua huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, na ukuaji wake wa mwanzo ulikuwa wa polepole sana ukilinganishwa na wa Kenya, hadi bei na usimamizi wa mawakala vilipofikiriwa upya kwa mazingira ya hapa. Programu ilivuka mpaka. Kazi ya Thika haikuvuka nayo. Huko Kenya nako seva za M-Pesa ziliendelea kukaa Ujerumani hadi mwaka 2015. Kampuni ilikuwa imekua kuliko njia zake, jambo ambalo Brooks angelitabiri bila kufika Nairobi.

6.0 Conway mezani kwa muuguzi

Tukirejea Ruaruke, Sheria ya Conway inaweza kusomwa bila kompyuta. Inatosha kuangalia meza ya muuguzi. Wagonjwa wa nje wana kitabu chao, wajawazito chao, kujifungua chake. Malaria, kifua kikuu, UKIMWI na chanjo ni mipango tofauti yenye wafadhili na taarifa tofauti. Dawa huombwa kupitia mfumo wa ugavi. Tangu mwaka 2017 fedha za kituo huhesabiwa kupitia FFARS, mfumo wa uhasibu wa vituo vya kutolea huduma. Kila mfumo una timu iliyoujenga, na kila timu ina sababu nzuri. Hakuna timu iliyopewa kazi ya kuijenga meza.

Matokeo ni kwamba muunganisho ambao waandaaji programu hawakuufanya hufanywa na muuguzi kwa kalamu. Mjamzito mmoja mwenye malaria anayepewa dawa huandikwa mahali kadhaa, na tofauti ikijitokeza kati ya dozi zilizotolewa na wagonjwa waliotibiwa, anayeitwa kujieleza ni yeye. Gharama ya mawasiliano ambayo taasisi kubwa iliikwepa kwa kuzitenga idara haikutoweka. Ilihamishiwa kwa mtu mwenye cheo cha chini kuliko wote.

Mgawanyo wa wilaya uliongeza somo jingine. Kibiti ilipotengwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, kila mfumo ulilazimika kuamua vituo vyake vihamie vipi, na takwimu za miaka ya nyuma zisomwe chini ya wilaya ipi. Mchoro wa vifo wa Rufiji unaoshuka ghafla katika mwaka wa mgawanyo unaweza kumaanisha vituo kuondoka tu. Zana ya kugawa na kuunganisha maeneo ndani ya kiini cha DHIS2 ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya mikono. Hatua iliyosaidia zaidi haikuwa ya msimbo mgumu: Wizara ilianzisha rejesta ya pamoja ya vituo, ambamo kila kituo kina namba moja inayotambuliwa na mifumo yote. Rejesta hiyo ilizilazimisha timu zilizotengana kukubaliana juu ya jambo dogo, nalo ni kwamba zahanati ya Ruaruke ni moja.

7.0 Anayethubutu kusema

Njia inaweza kuwa fupi na bado isipitwe. Amy Edmondson (1996), akichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika hospitali za Marekani, alikuta kwamba wodi zenye uongozi mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi, si machache. Tafsiri yake ni kwamba humo watu hawakuogopa kusema. Katika utafiti wa mwaka 1999 aliuita hali hiyo usalama wa kisaikolojia, na kampuni kubwa za programu zimelikumbatia neno hilo tangu hapo.

Katika utumishi wa umma wa Tanzania suala hili lina sura yake. Taarifa inatakiwa kufika wilayani kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na wilaya hupimwa kwa taarifa kufika kwa wakati na kwa ukamilifu. Vipimo hivyo vina faida, lakini humfundisha mhudumu kwamba kisanduku tupu ni kosa na kisanduku chenye sifuri ni utii. Hapo sifuri hupoteza maana yake mara ya pili, safari hii kabla haijafika kwenye kompyuta. Mtakwimu kijana wa wilaya anayeshuku fomu yenyewe hana sababu ya kuinua mkono mbele ya ujumbe wa mkoa uliokuja kusifu asilimia mia. Kikao cha kutathmini awamu, kikiletwa kwenye chumba hicho jinsi kilivyo, kitageuka kuwa kikao cha shukrani.

Kwa sababu hiyo mapendekezo ya kawaida ya kununua zana ya kufuatilia hitilafu au kuajiri waandaaji programu zaidi hayatoshi, na pendekezo la pili linaweza kudhuru. Badiliko lenye matumaini zaidi ni kumpa kila mwandaaji programu wa ngazi ya pili zamu ya kukaa katika wilaya siku ambazo taarifa za mwezi zinaingizwa, akiwa na mamlaka ya kubadilisha usanidi papo hapo na wajibu wa kumjibu kwa jina aliyeuliza. Zamu moja itaonyesha makosa ambayo semina nyingi hazitayaonyesha, kwa kuwa mtu humwambia jirani wa kiti jambo ambalo hawezi kuliandikia wizara.

Kipimo nacho kinapaswa kubadilika. Kwa sasa taasisi huhesabu taarifa zilizopanda. Hazihesabu maswali yaliyoshuka na majibu. Idadi ya siku kati ya swali lililoulizwa na wilaya na jibu lililoifikia wilaya hiyo, hata kama jibu ni kukataa, inaweza kunakiliwa kwenye daftari la kawaida bila programu yoyote mpya. Vituo vinavyohamia kwenye kompyuta kibao na kujaza taarifa bila karatasi vinaufanya upimaji huo uwe wa dharura zaidi: karatasi angalau hubaki na alama za kalamu iliyofutwa, na mtakwimu aliyezoea huziona na kupiga simu. Kwenye kioo, 0 iliyoandikwa kwa uhakika na 0 iliyobonyezwa ili fomu ikubali kufungwa zina umbo moja.